Alama ya Kujumlisha

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari mkoani Tanga, na ninaishi na virusi vya UKIMWI. Nayataja mambo haya mawili kwa pamoja kwa sababu yalikutana katika neno moja la Kiingereza, *positive*, ambalo nilikuwa naliandika ubaoni miaka mingi kabla halijaandikwa kwenye kadi yangu ya kliniki. Akina mama wa kikundi chetu cha wanaoishi na VVU wameniomba nieleze nilivyotoka kwenye hofu. Dawa zilinisaidia, mume wangu alinisaidia, na Mungu alinisaidia. Kuna msaada mwingine ambao sijausikia ukitajwa katika shuhuda za wenzangu, nao ni kulielewa neno lenyewe nililoambiwa.

Mtoto wa Kitanzania anayesoma shule ya msingi kwa Kiswahili akifika kidato cha kwanza anakuta karibu masomo yote yamehamia kwenye Kiingereza. Neno *positive* humjia kwanza kwenye hisabati: namba chanya, zile zinazokaa kulia kwa sifuri. Kwenye fizikia anaambiwa ni ncha ya betri yenye alama ya kujumlisha. Kwenye kemia ni ayoni iliyopoteza elektroni. Kwenye biolojia anajifunza kwamba damu yake inaweza kuwa O *positive*. Akitoka shuleni akapanda daladala, redio inawahimiza abiria wawe na mtazamo chanya na waachane na mawazo hasi. Bila mtu yeyote kumfundisha hivyo, mtoto huyu anakua akiamini kwamba chanya ni kizuri na hasi ni kibaya.

Msichana mmoja wa kidato cha pili aliwahi kuniuliza, "Madam, huo upande wa *positive* una uzuri gani kuliko mwingine?" Nilimjibu kwamba hauna uzuri wowote. Mwaka 1747 Benjamin Franklin, akifanya majaribio ya umeme huko Philadelphia, aliwaza kwamba umeme ni kitu kimoja kinachotiririka. Chombo kilichozidiwa nacho akakiita *positive*, kilichopungukiwa akakiita *negative*. Hakuwa na namna ya kuona ni nini hasa kinachohama. Miaka 150 baadaye, mwaka 1897, J. J. Thomson wa Cambridge aligundua elektroni, na ikadhihirika kwamba chembe zinazokwenda ndani ya waya zina chaji ile ambayo Franklin aliiita *negative*, nazo hukimbilia upande ulio kinyume na mshale wa mkondo wa umeme tunaouchora ubaoni. Majina hayakubadilishwa, na mshale tunaendelea kuuchora vilevile. Nilimwambia yule msichana kwamba jina aliliweka mtu, na umeme haulijui.

Jibu hilo nililitoa bila kujua kwamba siku moja nitalihitaji mimi.

Nilikuwa na mimba ya mtoto wetu wa pili. Kwenye hudhurio la kwanza la kliniki mama hupimwa mambo mengi, wingi wa damu, kaswende, kundi la damu, VVU, na baba huombwa aje ili wapimwe pamoja. Mume wangu alikuja. Ni fundi pikipiki, na siku ile alifunga kibanda chake tangu asubuhi. Muuguzi alituweka kwenye chumba kidogo, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mwalimu, majibu ya baba yametoka negative. Ya kwako yametoka positive. Nitarudia kwa kipimo cha pili ili tuwe na hakika."

Mume wangu aliitazama kadi yangu iliyokuwa mezani. Juu kidogo palikuwa pameshaandikwa kundi langu la damu, O, na alama ya kujumlisha pembeni. Akauliza, "Positive ya nini? Ya kundi la damu?"

"Hapana, baba. Ya VVU."

Lile swali lake, positive ya nini, ndilo lililonibadilisha, ingawa ilinichukua muda kulisikia vizuri. Wakati ule nilichokuwa nakiona ni alama mbili za kujumlisha kwenye karatasi moja, za kalamu moja, mwandiko mmoja. Ya kwanza ilikuwa haina shida. Ya pili ilikuwa imenikata miguu. Hilo liliniuma kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri: alama niliyowafundisha watoto wa watu kwamba ni ya kuongeza, ilikuwa imekuja kunipunguzia maisha. Ndivyo nilivyowaza.

Kipimo cha pili kikatoka vilevile. Nilimwomba muuguzi anionyeshe kile kifaa. Sikuwa na shaka na kazi yake. Nimezoea kutoamini kipimo ambacho sijui kinavyofanya kazi, basi. Naye, Mungu ambariki, hakuona kero. Akanionyesha mahali tone la damu lilipoingia, matone ya dawa yaliyolisukuma, na mstari wa kwanza, ambao hutokea kwa kila mtu na kazi yake ni kuthibitisha tu kwamba kifaa ni kizima. Kisha mstari mwingine. Huo hutokea pale ambapo kingamwili za VVU zimenaswa. Kingamwili ni protini ambazo mwili wenyewe huzitengeneza ukishakutana na kirusi. Kwa hiyo kile kipimo cha kidoleni hakikuona virusi kabisa. Kiliulizwa swali moja, "Je, damu hii ina kingamwili za VVU?", kikajibu, "Ndiyo, zipo."

Kwenye maabara *positive* haina maana zaidi ya hiyo: kilichotafutwa kimepatikana. Kama kilichotafutwa ni mimba, na aliyepimwa ni mwanamke aliyengoja mtoto kwa miaka, neno hilohilo atalipokea kwa vigelegele. Kama ni vimelea vya malaria, ataandikiwa dawa mseto na kurudi nyumbani. Kama ni protini iitwayo D kwenye chembe nyekundu za damu, basi huyo ni Rh *positive*, jina lililotokana na nyani aina ya *rhesus* waliotumiwa na Karl Landsteiner na Alexander Wiener katika utafiti walioutangaza mwaka 1940. Hapo mjamzito aliye *positive* hana la kuhangaikia. Anayefuatiliwa kwa karibu, na kuchomwa sindano maalumu, ni aliye *negative* mwenye mimba ya mtoto aliye *positive*, maana mwili wake unaweza kuishambulia damu ya mtoto.

Usiku ule mume wangu aliniomba nimweleze yote haya. Tulikaa mezani na daftari la mtoto wetu mkubwa. Nilimchorea kile kifaa, mistari yake, na betri ya pikipiki anayoishika kila siku. Kila nilipotamka lile neno aliuliza tena, "Ya nini?" Sikuwahi kufundisha somo gumu kama lile, wala kupata mwanafunzi msikivu kama yule.

Dawa nilianzishwa palepale kliniki. Mwaka 2013 Tanzania ilianza kumpa kila mjamzito mwenye VVU dawa za kufubaza virusi za maisha yake yote, bila kusubiri kinga ishuke kwanza. Utaratibu huo ulianzia Malawi mwaka 2011, na kwa Kiingereza jina lake ni herufi B yenye alama ya kujumlisha mbele yake. Nilipoiona alama ile kwenye bango la ukutani nilisimama kuisoma. Hapo maana yake ni kwamba dozi haikatizwi mama akishajifungua, inaendelea. Ilikuwa ni alama ileile, na safari hii ilikuwa upande wangu.

Kidonge cha wakati ule kilikuwa kimoja, cha kumeza usiku, na ndani yake kulikuwa na efavirenzi, ambayo wengi wanaikumbuka kwa ndoto zake. Niliota sana. Nikiamka sirudi kulala, nikawa nasoma kamusi ya Kiingereza niliyoazima ofisi ya walimu. Huko niliona neno langu lilikotoka. Mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuweka. Mwanzoni lilihusu sheria: sheria *positive* ni ile iliyowekwa na watu, tofauti na ile inayodhaniwa kuwa ya maumbile. Sarufi ya Kiingereza ililichukua kutaja kivumishi kabla hakijalinganishwa na kingine. Auguste Comte wa Ufaransa akalijengea falsafa nzima ya kuamini yanayoonekana na kupimika. Mwaka 1840 John Herschel akalipeleka kwenye picha, na sisi tuliowahi kwenda studio kudai negativu zetu tunajua kwamba kwenye negativu uso mweupe huwa mweusi, na kwamba bila hiyo negativu hakuna picha ya kusafisha. Mwingereza akitaka kusema ana hakika isiyo na shaka, husema yeye ni *positive*. Na ndugu wa neno hili, *negative*, ametokana na kitenzi cha kukana.

Sikusoma hayo ili nijisahaulishe. Kila maana niliyoipata ilikuwa inalitoa neno mkononi mwa hofu yangu na kulirudisha kwa watu waliolitumia kwa kazi zao. Kuweka na kukana. Ndiyo na siyo. Hakuna mahali katika historia yake yote palipoandikwa kwamba aliyeambiwa hivyo amekwisha.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Tulipewa dawa ya maji ya nevirapini ya kumpa kwa wiki 6 za mwanzo, nikaambiwa nimnyonyeshe maziwa yangu matupu miezi 6 na nisikose dozi hata siku moja. Hapa ndipo nataka wasomaji, hasa wanawake, wanisikilize kwa makini, kwa kuwa hapa neno hili linaumiza watu bila sababu.

Mtoto mchanga wa mama mwenye VVU akipimwa kwa kile kipimo cha kidoleni, atatoka *positive*. Atatoka hivyo hata kama hana kirusi hata kimoja. Akiwa tumboni, mama humpitishia kingamwili kupitia kondo la nyuma. Ndivyo Mungu alivyopanga, ili mtoto azaliwe akiwa na ulinzi kidogo. Pamoja na kingamwili za surua na nyinginezo, anapewa na zile za VVU, na zinaweza kukaa kwenye damu yake hadi miezi 18. Kipimo kinaziona na kujibu kwa ukweli kwamba zipo. Ila ni za mama. Jibu hilo linamhusu mama huku damu ni ya mtoto. Nimewaona wanawake waliopewa jibu hili bila maelezo wakaanza kuomboleza mtoto aliye mzima, wengine wakapunguza hata kumbeba, kana kwamba wanaanza kuzoea kuondoka kwake. Kila nikikumbuka hilo napata uchungu, maana hawakukosewa na kipimo. Walinyimwa sentensi mbili tu za maelezo.

Ndiyo maana mtoto hupimwa kwa njia nyingine. Akifikisha wiki 6 wanamchoma kisigino, matone ya damu yanawekwa kwenye karatasi maalumu, yanakaushwa, yanapelekwa maabara kubwa ambako wanatafuta vinasaba vya kirusi chenyewe. Swali limebadilika. Sasa linaulizwa, "Je, kirusi kimo?" Kusubiri jibu ni kazi nzito. Nilikuwa nafundisha, narudi nyumbani, nanyonyesha, na kila simu ya kliniki inanitetemesha. Siku muuguzi aliponiita na kuniambia majibu ya mtoto ni negative, nilimwomba arudie. Hasi. Neno ambalo kwenye hotuba na redio ni la kila kibaya, athari hasi, fikra hasi, tabia hasi, ndilo lililonipigisha magoti kwenye sakafu ya saruji, mtoto mgongoni, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Alipimwa tena alipofikisha miezi 18 na akiwa ameshaachishwa ziwa. Hasi.

Na mimi je? Baada ya kutumia dawa kwa uaminifu nilipimwa wingi wa virusi. Jibu lilirudi: havijagundulika. Dawa zilikuwa zimevishusha hadi pale ambapo mashine haivioni tena. Kwa hiyo kipimo cha kidoleni kinasema *positive*, na kitaendelea kusema hivyo, kwa kuwa kingamwili zipo. Kipimo cha wingi wa virusi kinasema hakuna kinachoonekana. Ni damu ileile. Swali ndilo tofauti.

Tofauti hiyo ndiyo iliyoituliza ndoa yangu. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi 14 za Ulaya, ukifuatilia jozi 888 za wenza ambao mmoja anaishi na VVU akiwa kwenye dawa na virusi vyake vimefubazwa, na mwingine hana. Walikuwa wakikutana bila kondomu. Hakupatikana hata mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake. Ndiyo maana leo tunafundishwa kwamba virusi visipogundulika haviambukizi kwa njia ya ngono. Mume wangu bado ni mzima, na hupimwa kila anapopaswa. Akiulizwa na wanaojua habari zetu, husema, "Sisi tunameza kidonge kila usiku." Anasema sisi, ilhali anayemeza ni mimi.

Baadaye nilijua kwamba kuna watu waliopigania neno hili kabla yangu, tena wakati dawa zilikuwa hazijawafikia. Mganda Noerine Kaleeba alianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, huko Kampala mwaka 1987, mwaka uleule alioondokewa na mumewe kwa UKIMWI. Yeye na wenzake walilichukua neno la maabara na kuligeuza kuwa namna ya kuishi: kuishi *positively* na UKIMWI, yaani kula vizuri, kutibiwa magonjwa nyemelezi mapema, kutojificha, kupanga kesho ya watoto. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alisimama mbele ya Waganda na kusema wazi kwamba ana UKIMWI, akazunguka akizungumza na watu, na mwezi Desemba mwaka huohuo akafariki. Mwaka 2002 Nelson Mandela, akiwa Khayelitsha nchini Afrika Kusini, alivaa fulana yenye maneno HIV POSITIVE kifuani, fulana ya wanaharakati waliokuwa wakidai dawa. Kila aliyeiona alilazimika kulisoma neno hilo kwenye mwili wa mzee aliyeheshimiwa na dunia nzima.

Kiswahili kiliipokea ile kauli ya Kampala kwa kusema kuishi kwa matumaini. Hakikusema kuishi kwa uchanya, na mimi ninawashukuru waliofikiri hivyo. Wangeweza kufuata neno kwa neno. Wao walifuata lililokusudiwa. Mtu anayetumaini huamka asubuhi akaenda kuchukua dozi yake.

Pamoja na heshima yangu kwa wale waliolivaa neno hili kifuani, mimi sikubali kuitwa pozitivu. Kwenye kibaraza cha kliniki utasikia, "Yule dada ni pozitivu," kama vile ndiyo kabila lake. Sikubali, na akina mama ninaowahudumia kama mama kinara, yaani mama mwenye VVU anayewaongoza wenzake kliniki, nawafundisha wasikubali. Kipimo ndicho kilichotoka *positive*. Mimi ni mwalimu, ni mke, ni mama wa watoto wawili, na nina VVU. Sarufi yetu inatusaidia sana hapa, kwa kuwa inatutaka tumtaje mwenye kitu: majibu yametoka hivi, mtu ana hiki. Anayesema "majibu yako" ameniacha mimi nikiwa nimesimama kando ya majibu hayo, ninaweza kuyatazama. Anayesema "wewe ni" amenifungia ndani yake.

Kwenye kikundi chetu tumekubaliana, na muuguzi wetu ametuunga mkono, kwamba hakuna jibu litakalotolewa kwa neno moja. Likizo za shule zikifika nakaa kwenye benchi la kliniki kuanzia asubuhi, na dada akitoka kwenye kile chumba kidogo nasogea nimpishe nafasi. Namuuliza, mdogo wangu, wametafuta nini? Wamepata nini? Kama hajui, tunarudi ndani wote wawili tukaulize. Kisha namwambia kwa Kiswahili kinyoofu: kipimo kimeona kwamba mwili wako umekutana na VVU. Dawa ipo, ni ya bure, unaanza leo. Mtoto uliyembeba ana kila nafasi ya kuzaliwa bila virusi. Akizaliwa, mtu yeyote asimpime mtoto kwa kipimo cha kidoleni akakupa hilo kuwa jibu la mwisho. Wiki ya 6 tunampeleka achomwe kisigino, na nitakusindikiza.